Yuko Kwenye Mahindi

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na kama umebeba kitu kizito kiweke chini. Nataka kukufundisha kuchagua darubini ya jicho moja, ile inayosimama kwenye miguu mitatu, na namna ya kuitumia ukiwa nje mlimani. Si kazi ngumu. Nimewafundisha watu wasiojua kusoma, na kabla ya jua la mchana wakawa wananishinda. Lakini siwezi kukufundisha bila kukueleza jinsi nilivyokaribia kumuua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nikiwa nimekaa juu ya jiwe, kilomita moja na nusu kutoka pale alipokuwa. Sikumgusa. Nilitazama tu, kisha nikasema.

Tunaishi Buhinyuza, upande wa Muyinga, Burundi, mahali mashamba yanapoishia na hifadhi ya wanyama inapoanzia. Kati yetu na wanyama kulikuwa na mtaro, lakini mvua zimeujaza udongo, na siku hizi hata mbuzi anauvuka. Nyati mmoja dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, alizoea kuvuka alfajiri kuja kula mahindi yetu. Jirani yetu alimkuta akiwa anakwenda kupalilia maharage. Alikuwa mama wa watoto wanne. Nyati alimrusha, akamngoja aanguke, akamrusha tena. Nilikuwa mmoja wa waliokwenda kumkusanya, na nasema kumkusanya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kitenge chake tulikitoa juu ya mti.

Baada ya mazishi, wanaume wa kilima chetu, maana kwetu kilima ndicho kijiji, waliunda zamu. Kiongozi wa zamu alikuwa fundi wa matofali, mtu mwenye mabega mapana na sauti ya kuamuru hata anapoomba maji. Mpango wake ulikuwa rahisi: mtu mmoja akae mlimani na kutazama, wengine wakae kwenye kibanda bondeni na madebe, mabati mabovu na masufuria. Mtazamaji akimwona nyati anapiga simu, wao wanatoka kwa kelele na kumrudisha alikotoka. Kilichokosekana ni jicho. Kwa macho matupu, alfajiri yenye ukungu, nyati na kichuguu ni kitu kimoja.

Walinichagua mimi niende kutafuta darubini kwa sababu nilikulia Tabora, na huko ujanani niliwahi kuwabebea vyombo wapima ardhi. Kiswahili changu ni cha huko. Kirundi changu ni kibovu. Mama alituzuia kukisema nyumbani ili majirani wasijue tulikotoka, na niliporudi Burundi mtu mzima, ulimi ulikuwa umeshakauka. Kilimani waliniita Mtanzania, wakati mwingine kwa mapenzi, wakati mwingine la.

Nilikwenda mpaka Gitega. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi, Waislamu, wanaoagiza pampu, betri, taa za sola na vipuri vya baiskeli. Mwenye duka, mama wa makamo aliyezaliwa mjini humo humo, alikuwa na darubini tatu ambazo wageni waliotaka kutazama ndege waliagiza kisha hawakurudi kuzichukua.

"Mama, nipe ile inayovuta sana," nilimwambia.

"Inayovuta sana ni ya mtu anayetaka kumwona Mungu. We unataka kumwona nani?"

"Nyati."

"Nyati iko kubwa kama pikapu, baba! Unaivuta ya nini? Unataka kuisalimu?"

Alicheka peke yake, kisha akazipanga darubini zote tatu juu ya kaunta. Sikiliza sasa, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Kwenye darubini utakuta nambari zimeandikwa, mfano 20-60×80. Mbili za kwanza zinakuambia kitu kitasogezwa karibu mara ngapi: kuanzia ishirini hadi sitini. Nambari ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Mnunuzi mgeni hukimbilia zile za kwanza. Wewe anza na ya mwisho. Kioo cha mbele ni kama mdomo wa mtungi: ukiwa mpana unakinga mwanga mwingi, ukiwa mwembamba unakinga kidogo. Kazi yako ikiwa ni ya alfajiri au jioni, mdomo mwembamba utakupa picha ya giza hata ukivuta mara mia.

Tulizipandisha zote tatu kwenye baraza ya ghorofani, kwa sababu darubini haijaribiwi ndani ya duka. Ukipelekwa kutazama ukuta, kataa. Omba kutoka nje, utazame kitu cha mbali chenye herufi, kisha kitu cheusi kilicho kivulini, kisha kitu kinachotembea. Chini yetu barabara ilikuwa imejaa vijana wa baiskeli, wale wanaoshusha ndizi kutoka milimani, mikungu imefungwa mpaka baiskeli haionekani. Niliielekeza darubini ya kwanza mwisho wa barabara na kuizungusha pete ya kukuza mpaka mwisho.

Nikaona ngumi. Nasema kweli, ngumi tu, ikijaza kioo chote, na vidole vyake vyeupe kwenye mafundo. Ikapita. Ikaja sikio, likachanika, damu ikaanza kushuka shingoni kwa mtu ambaye uso wake sikuuona. Nilijaribu kumfuata, nikapata mkungu wa ndizi, nikapata mguu, nikapata pampu ya baiskeli ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, juu ya kitu kilichokuwa nje ya duara langu.

"Wanapigana," nilisema. "Mmoja anamuua mwenzake."

"Rudisha nyuma," alisema yule mama. "Rudisha kwenye ishirini, halafu uniambie."

Nikairudisha. Duara likafunguka. Walikuwa watatu, si wawili. Mwenye pampu alikuwa anawapiga wenzake wote wawili, na nyuma yake mmoja alikuwa tayari ameinua tofali. Lilimpata kisogoni. Alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka, kisha akalala juu ya ndizi zake. Watu walikuja wakawatenganisha kwa kuwapiga wote.

"Umeona?" mama aliniambia, naye anafuta kioo kwa ncha ya mtandio wake. "Ukivuta sana unajua kila kitu cha ngumi, na hujui kitu cha ugomvi."

Nilichukua ile yenye kioo cha milimita themanini. Nilichagua yenye shingo iliyopinda, si iliyonyooka, kwa sababu shingo iliyopinda inatazamwa na mrefu na mfupi bila kuinua na kushusha miguu kila mara. Nilihakikisha mwili wake umezibwa vizuri, usiingize maji wala ukungu. Na nilikataa ile miguu mitatu myembamba ya kupigia picha aliyotaka kunipa nayo. Miguu ikiwa myepesi, upepo kidogo tu unaifanya picha itetemeke, na ukivuta mara sitini mtetemo nao unavutwa mara sitini. Chukua miguu mizito. Au ining'inizie katikati mfuko wenye mawe.

Kilimani shemeji yangu ndiye aliyeipenda darubini kuliko wote. Alizaliwa Buhinyuza na hajawahi kuondoka. Tulipangiwa zamu pamoja: mimi nilikuwa jicho, yeye mdomo. Nikimwona nyati, nilimgusa goti, naye alimpigia simu kiongozi kwa Kirundi. Mara nne tulimrudisha nyati bila mtu kuumia. Mara ya tano alimkanyaga mbwa wetu mmoja akampasua tumbo, lakini watu walirudi wazima, tukasema mpango unafanya kazi.

Kisha mahindi yakaanza kuibwa na mtu. Hili lilikuwa la mtu kweli, maana nyati havunji hindi moja moja na kuacha bua limesimama. Mwizi alikuja alfajiri na gunia, akavuna mistari miwili mitatu, akatoweka. Kilima kilichemka. Ulikuwa mwaka wa njaa, na watu wenye njaa hawamngoji hakimu. Mwizi wa mbuzi aliyekamatwa kilima cha pili alipigwa mawe, na viongozi walipofika walikuta kilichobaki ni kuuliza jina lake. Kiongozi wetu wa zamu alituambia wazi: darubini itazame wote wawili, nyati na mwizi.

Asubuhi ninayokuambia, shemeji aliniaga tukiwa njiani kupanda.

"Leo piga simu mwenyewe," alisema. "Mi naenda kukata majani ya ng'ombe. Jana imelala njaa, inanitukana usiku kucha."

"Kirundi changu watakicheka."

"Sema Kiswahili. Kile cha kwenu cha redio. Wanasikia."

Akajifunika gunia kichwani, lile tunalolikunja kona moja ndani ya nyingine likawa kama kofia ya mvua, akashuka na mundu wake. Kulikuwa na manyunyu.

Nikapanda, nikasimamisha darubini. Ukifika mahali pa kutazamia fanya kama nilivyofanya mwanzoni, kabla sijakosea. Tandaza miguu, mguu mmoja uelekee unakotazama. Weka pete ya kukuza kwenye ishirini. Panga bomba kwa macho matupu, kama mtu anayelenga manati, ndipo uweke jicho. Usipumulie kioo, utakipiga ukungu. Kaza picha polepole mpaka ukingo wa jani uonekane kama umekatwa na wembe.

Nikamwona. Mgongo mweusi ndani ya mahindi, chini ya mparachichi, kwenye shamba la yule mama aliyekufa. Hapo ndipo moyo uliponiharakisha. Nikazungusha pete hadi sitini ili niwe na hakika. Nikaona matope makavu ubavuni, nikaona sikio lililochanika, nikaona taya likizunguka. Alikuwa yeye. Duara lote lilikuwa nyati, na nje ya duara sikuwa na habari na kitu chochote.

Nikampigia kiongozi.

"Yuko kwenye mahindi," nilisema.

"Yuko?"

"Yuko. Chini ya mparachichi, shamba la marehemu."

"Peke yake?"

"Peke yake. Ameinama, anakula."

"Anakula!" Nilimsikia akiwageukia wenzake. "Hata haya hana, anakula palepale!" Wakacheka kicheko kibaya.

"Amejaa matope mwili mzima," niliendelea, nikijisifu moyoni kwa jinsi ninavyoona vizuri. "Muwe waangalifu, ana nguvu."

"Na sisi tuko tisa, ndugu, mon frère. Leo tunamaliza naye."

Simu ikakatika.

Nikueleze neno, kwa maana kila kitu kimesimama juu yake. Kwa Kiswahili nilichokulia, mnyama anatajwa kama mtu. Nyati yuko, mbwa yuko, hata siafu yuko. Kilimani kwetu wanasema "iko" kwa karibu kila kitu: mvua iko, ng'ombe iko, hata baba iko. "Yuko" wanaijua, lakini masikioni mwao ni neno la kanisani na la mtu aliyesoma, na humtaja mwanadamu tu. Kirundi ndicho kinachowaongoza. Kirundi humwambia mtu *ari*, na mnyama *iri*, wala hakichanganyi. Niliposema "yuko" mara mbili, nikaongeza ameinama na anakula, nilikuwa nimewaambia watu tisa wenye hasira kwamba mwizi wao amepatikana.

Sikulijua hilo. Nilichokiona, niliporudisha jicho kwenye kioo na kuwatafuta, ni kwamba walikuwa wametoka kibandani bila debe hata moja. Hawakuwa na bati wala sufuria. Walikuwa na fimbo, na wawili walikuwa na mapanga. Walikuwa wanakwenda kimya, wameinama. Hakuna mtu anayemnyatia nyati kwa fimbo. Nikarudisha pete hadi ishirini, duara likafunguka, na pale, hatua arobaini hivi kutoka kwa mgongo wa nyati, kwenye ukingo wa mahindi, palikuwa na gunia. Gunia lilikuwa na mtu chini yake, ameinama, anakata majani na kuyashindilia kwenye gunia la pili.

Nilipiga simu. Iliita. Nilimwona kiongozi akitia mkono mfukoni na kuizima bila kuitazama.

Nilipuliza filimbi ya zamu. Upepo ulikuwa unanijia usoni.

Darubini haina sauti. Hilo hakuna muuzaji atakayekuambia. Fimbo ya kwanza ilimpata shemeji nyuma ya shingo, akaenda mbele kwa magoti, mikono yote miwili bado imeshika majani. Ya pili ilimpata taya alipogeuka kusema. Niliona mdomo ukifunguka, na haukufungika sawasawa. Wakamzunguka. Fimbo zilipanda na kushuka kama watu wanaopura maharage, kwa mpangilio, kila mmoja akingoja mwenzake amalize. Mtu mmoja alimkanyaga mkono wenye mundu mpaka vidole vikaachia. Mwingine alimwaga lile gunia la pili ili waone mahindi, yakatoka majani, na hata hivyo hakuacha kupiga. Alipiga akiyatazama majani. Nililia kwa sauti kule juu, nikaita jina lake, na picha ilibaki kali na safi, kila tone mahali pake. Nilikuwa nimechagua vizuri.

Kisha nyati akasimama.

Hakuja kwa hasira ya haraka. Aliinua pua, akatoka kwenye mahindi kama mtu anayetoka nyumbani kwake kuuliza kelele ni za nini. Wa kwanza kumwona alitupa panga na kukimbia. Kiongozi alikuwa amegeuza mgongo, fimbo juu. Pembe iliingia pajani na kumwinua, akazunguka hewani, akaangukia mashina ya mahindi, na mguu wa suruali ukabadilika rangi wote mara moja. Wengine walitawanyika. Katikati akabaki shemeji peke yake, kifudifudi, hawezi kuinuka. Nyati alimsogelea. Akamsukuma kwa paji la uso, mara moja, akamsugua ardhini. Shemeji hakusogea. Mtu aliyelala bapa ni vigumu pembe kumzoa. Alilijua hilo, au hakuwa na nguvu ya kusogea. Nyati alipumua juu yake kwa muda ambao siwezi kuupima. Akageuka, akavuka mtaro, akaenda zake.

Niliiacha darubini imesimama nikakimbia.

Tuliwabeba wote wawili kwa ingobyi, machela zetu za matete, mpaka barabarani, na kutoka hapo pikapu ya kubebea matofali ikawachukua kwenda hospitali Muyinga. Walilazwa ubavu kwa ubavu, aliyepiga na aliyepigwa. Mimi nilikaa katikati, mkono mmoja umekandamiza paja la kiongozi kwa shati langu, mwingine umeshika kichwa cha shemeji kisigonge bati. Damu zao zilikutana chini ya magoti yangu.

"We ulisema yuko," kiongozi alinung'unika, meno yakigongana. "Kama iko nyati, kwa nini hukusema iko?"

"Kwa Kiswahili fasaha mnyama ni yuko."

"Fasaha!" Akajaribu kuinuka anishike koo, akashindwa, akanitemea mate. "Hapa si Tabora! Mi nimemvunja mtu kwa sababu ya fasaha yako!"

"Umemvunja kwa fimbo yako."

"Ulisema anakula! Ameinama, anakula!"

"Nyati naye hula!"

Tulipofika Gasorwe shemeji aliacha kuitikia. Nilimfinya sikio, nilimpiga shavu lililokuwa zima, nilimtukana ng'ombe wake. Karibu na mji alifungua jicho moja akanitazama bila kunijua.

Siku sita hatukujua kama ataishi. Taya lilikuwa limevunjika pande mbili, mbavu nne zimeingia ndani, mkono wa kulia umesagika. Mke wangu alikaa naye siku zote hizo. Nilipompelekea chakula alikipokea bila kuniangalia. Siku ya nne ndipo alipozungumza, na alizungumza na bakuli.

"Mume wangu amemwita nyati mtu," alisema. "Basi kaka yangu wakamfanya nyati."

Nililala nje ya uzio wa hospitali pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, na kila nilipofumba macho niliona fimbo, kali na safi.

Siku ya saba shemeji aliomba maji. Sitaki kukudanganya kwamba alipona akawa kama zamani. Vidole viwili havikunji, na anapochoka maneno yanamtoka kando ya mdomo. Lakini alirudi nyumbani kwa miguu yake kutoka barabarani, na watu tisa wa zamu wakaja kuomba radhi kama inavyopasa, na mtungi wa pombe ya mtama. Kwetu pombe hiyo hunywewa kwa mrija, mtungi mmoja, mirija mingi. Kiongozi alikuja kwa magongo. Mimi nilikuwa upande wa waliokosa, nimesimama pamoja nao, si upande wa ndugu.

Shemeji aliutazama mtungi.

"Mmenivunja taya," alisema polepole, "halafu mmeniletea pombe ya mrija. Mlipanga?"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye alipocheka, na kicheko kilimuuma akajishika mbavu.

"Nyati amenipiga mara moja," aliendelea. "Nyinyi mmenipiga mara ngapi?"

"Samahani, ndugu yangu," kiongozi alisema, macho chini. "Mi nilisikia mtu."

"Na ungekuwa mtu kweli? Mahindi ya gunia moja ni kichwa cha mtu?"

Kiongozi alihamishia uzito kwenye gongo la pili. Wengine walitazama vidole vya miguu yao. Hilo swali liliwauma kuliko matusi, niliona.

"Wewe shemeji," akaniita, "njoo hapa."

Nikaenda, nikapiga magoti ili asilazimike kuinuka. Alinipiga kofi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka sikio likalia. Mke wangu aliguna. Hakuna aliyetuamua.

"Hilo ni la yuko," alisema. "Sasa kunywa." Akanipa mrija wake mwenyewe.

Tulipokuwa tunakunywa ndipo alipotoa masharti yake ya kusamehe. Yeye ndiye atakayekaa mlimani kuanzia sasa, kwa sababu hawezi tena kulima, na mimi nimfundishe kila kitu ninachojua. Mwizi akionekana, kiongozi wa kilima ndiye atakayeitwa, na wa zamu hawatatoka kibandani. Na hakuna mtu atakayesema yuko wala iko kwenye simu kabla hajataja jina la kitu chenyewe.

Nilimfundisha wiki nzima. Aliniuliza kwa nini picha inacheza kama maji jua likipanda. Nikamwambia hayo ni mazigazi, joto linapanda kutoka ardhini, na kuvuta zaidi huongeza kucheza, kwa hiyo rudisha pete nyuma au ngoja jioni. Nikamwonya asilielekeze bomba kwenye jua hata kwa mzaha, litamchoma jicho kabla hajapiga kelele. Nikamwonyesha kufuta kioo: kwanza puliza vumbi, kisha kitambaa laini, wala si kwa pindo la shati.

Asubuhi ya nane nyati alivuka mtaro. Shemeji alimwona kabla yangu. Nilisikia pumzi yake ikibadilika, nikaona mkono mbovu ukienda kwenye pete. Hakuivuta hadi sitini. Aliondoa jicho, akalitazama bonde lote kwa macho mawili, kutoka kibandani mpaka kijitoni. Palikuwa na mwanamke na ndoo karibu na kijito. Akamwambia kiongozi kwa simu juu ya yule mwanamke kwanza, wakamngoja apande, ndipo akasema habari ya nyati. Wakatoka na madebe. Nyati alimvamia mmoja wao, akalipiga bati alilolishika likakunjika kama karatasi, mtu akaangukia upande huu, bati upande ule, na kelele zikamshinda nyati akarudi. Mtu aliinuka, akajipapasa mwili mzima, akaanza kumtukania nyati ukoo wake.

Basi nawe, siku utakapoona kitu kwenye darubini yako na mdomo ukawasha kusema, fanya hivi: rudisha pete kwenye nambari ndogo, ondoa jicho kwenye kioo, tazama bonde zima kwa macho mawili na uwataje kwanza watu unaowaona, kisha taja jina la ulichokiona mara mbili, na mwisho kabisa useme kilipo.